Kutenga Seli za Ini kwa Utafiti wa Upandikizaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza sana ni wanafunzi wa sayansi ya maabara walio kwenye mafunzo ya kazi hapa Mombasa. Baada yao huja wauguzi, halafu jamaa za wagonjwa waliosikia habari za upandikizaji redioni. Maswali ya msingi yametangulia na yale ya pembeni yamewekwa mwisho. Jambo likishaelezwa halirudiwi, ila utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

Kutenga seli za ini ni kufanya nini hasa?

Seli za ini zimegandamana ubavu kwa ubavu, na katikati yake zimepita nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kutenga ni kuvilegeza vifungo hivyo mpaka kila seli ielee peke yake majini ikiwa bado hai. Uzito wa kazi uko kwenye hilo neno "hai". Ukilisaga ini kwa blenda utapata uji baada ya nusu dakika, lakini humo hamna seli ya kupandikiza.

Ni seli zipi zinazotafutwa?

Ni hepatosaiti, seli kubwa ambazo ndizo hasa zinazofanya kazi za ini: kutengeneza albumini na protini za kugandisha damu, kuigeuza amonia kuwa urea, kuchakata dawa na kutoa nyongo. Kwa idadi ni kama asilimia 60 ya seli zote za ini, lakini kwa ukubwa wa nafasi zinakaribia asilimia 80. Zilizobaki ni seli za Kupffer zinazomeza vijidudu, seli za nyota zinazohifadhi vitamini A, na seli zinazotandaza kuta za mishipa midogo. Namna ya kuzipata hizo imeelezwa kwenye swali la "maji ya juu".

Kwa nini kupandikiza seli badala ya ini zima?

Kwa sababu ini moja likigawanywa seli linaweza kuwafaa wagonjwa kadhaa. Pia seli huingizwa kwa mrija kwenye mshipa wa porta, ule unaoleta damu kutoka matumboni, bila kumpasua mtu tumbo. Tena yapo magonjwa ya kurithi ambayo ini lina afya isipokuwa kimeng'enya kimoja tu kinachokosekana. Kuling'oa ini zima kwa upungufu wa namna hiyo ni gharama kubwa mno kwa mwili.

Mfano unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1998 nchini Marekani. Msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa wa Crigler-Najjar, ambao humfanya mtu ashindwe kuondoa bilirubini (rangi ya njano itokanayo na chembe za damu zilizochakaa) na kuwa na umanjano maisha yake yote, alipewa seli bilioni 7.5. Bilirubini ilishuka na saa za kulala chini ya taa za kuvunja bilirubini zikapungua. Hakupona kabisa, lakini ilithibitika kwamba seli za mtu mwingine zinaweza kukaa na kufanya kazi kwa miezi mingi.

Mama yangu ana ini lililoharibika. Anaweza kupata seli hizi Mombasa?

Pole kwa mgonjwa. Jibu la kweli ni kwamba kupandikiza seli za ini bado ni utafiti karibu kote duniani, si tiba unayoandikiwa kliniki. Hata kunakofanyika, waliofaidika zaidi ni watoto wenye magonjwa ya kurithi kama yule wa swali lililotangulia. Ini lililokakamaa kwa makovu hupokea seli kwa shida kwa sababu njia za damu ndani yake zimejibana.

Akitokea mtu anayewauzia "sindano ya seli za ini", muulizeni kibali cha kamati ya maadili kiko wapi. Na jambo jingine: mtu asilipe pesa ili awe sehemu ya utafiti. Daktari anayemtibu mama ndiye wa kuongea naye kuhusu yanayowezekana sasa, likiwemo kumpima homa ya ini aina ya B na C.

## Kabla ya kimeng'enya

Ini linatoka wapi?

Kwa utafiti, mara nyingi kwa panya wa maabara. Seli za binadamu hutoka kwenye maini yaliyotolewa kwa ajili ya upandikizaji yakaonekana hayafai, kwa mfano yenye mafuta mengi, au kwenye kipande kilichokatwa wakati wa upasuaji wa uvimbe, sehemu iliyo salama. Mgonjwa awe ametia saini ridhaa kabla ya upasuaji, si baada ya kuzinduka. Vibali vimeelezwa chini.

Ini lenye mafuta ni tabu kwa mtafiti pia. Seli zake hupasuka upesi, na zilizojaa mafuta huelea badala ya kutua chini, kwa hiyo huzimwaga mwenyewe bila kujua.

Naweza kujifunzia ini la mbuzi kutoka machinjioni?

Unaweza, na mimi napendekeza. Mwanafunzi anayejifunza kuingiza kanula, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa hana sababu ya kumaliza panya wa mradi. Ila patana na mchinjaji mapema, kwa sababu desturi yake ni kulichana ini kwa kisu akilikagua. Wewe unataka tundu (moja ya sehemu kubwa za ini, yaani lobu) lenye ngozi yake nzima, lisilo na mkato hata mmoja zaidi ya ule wa kulitenganisha. Palipochanwa ndipo maji yatakapokimbilia, na sehemu nyingine hazitapata kitu.

La pili ni muda. Ini lililotoka mwilini likiwa na joto huanza kufa papo hapo. Nenda na chupa za maji ya chumvi ya hospitali yaliyopozwa na kutiwa heparini (dawa inayozuia damu kuganda), ukalioshe palepale machinjioni mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Ukingoja ufike maabara, damu itakuwa imeganda ndani na siku imeharibika.

Nikiwa na ini upande wa Likoni na maabara iko kisiwani?

Foleni ya feri ihesabiwe kwenye mpango, usiiombee dua. Ini lililokwisha kuoshwa litiwe ndani ya myeyusho wa kuhifadhia viungo (unaojulikana sana ni ule wa Chuo Kikuu cha Wisconsin), kwenye mfuko safi ndani ya mfuko wa pili, kisha ndani ya boksi la barafu. Lisigusane na barafu yenyewe, maana sehemu itakayoganda haitafaa tena. Likiwa baridi hivyo, saa chache si tatizo. Likiwa na joto, hata nusu saa ni nyingi.

Je, tunaweza kutumia nguruwe?

Kisayansi, nguruwe anafaa sana kwa sababu ini lake linakaribia la binadamu kwa ukubwa. Katika mji wetu wapo wataalamu wasiopenda kumgusa, na hilo liheshimiwe bila maneno mengi. Mbuzi na kondoo wanatosha kujifunzia. Lakini mtu aamue akiwa na habari kamili: heparini nyingi inayotumika hospitalini na maabara hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Hukumu ya hilo amuulize shekhe wake. Kazi yetu ni kumwambia kilichomo kwenye chupa.

## Hatua mbili za kuligawanya ini

Mbinu inayotumika leo ni ipi, na ilitoka wapi?

Zamani watafiti walilikatakata ini, wakalikamua kwenye wavu au kulitikisa na kemikali. Walipata seli nyingi zilizotoboka. Mwaka 1969 Berry na Friend walionyesha njia nyingine: pitisha kimeng'enya cha kolajenasi kupitia mishipa ya ini lenyewe, ili kifike kila pembe kama damu inavyofika. Miaka ya 1970 Per Seglen wa Norway akaipanga kazi hiyo katika hatua mbili, na maelezo yake ya mwaka 1976 ndiyo yanayofuatwa mpaka leo, pamoja na marekebisho ya kila maabara.

Hatua ya kwanza: panya akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, kanula huingizwa kwenye mshipa wa porta, vena kava (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni) hukatwa ili maji yapate pa kutokea, na bafa (maji ya chumvi yanayoshikilia pH) isiyo na kalsiamu, mara nyingi yenye EGTA (kemikali inayokamata kalsiamu), hupitishwa ikiwa na nyuzi 37 na pH karibu 7.4. Damu hutoka na ini hugeuka rangi kuwa kama chai ya maziwa iliyopauka. Hatua ya pili: bafa hubadilishwa kwa nyingine yenye kalsiamu na kolajenasi, kwa kawaida karibu asilimia 0.05. Baada ya dakika kadhaa ini hulegea, na ukilibonyeza kwa upole alama ya kidole hubaki.

Mbona tunaondoa kalsiamu halafu tunairudisha?

Hili huulizwa na kila kundi, na ndilo linaloonyesha nani ameielewa kazi na nani amekariri. Vifungo vinavyoshikanisha seli na seli huhitaji kalsiamu. Ukiiondoa, vinaachia. Lakini kolajenasi nayo haifanyi kazi bila kalsiamu. Hatua ya kwanza basi hufungua vifungo vya seli kwa seli, na ya pili hukata nyuzi za kolajeni.

Je, vifungo havitashikana tena kalsiamu ikirudi? Vikishafunguka vizuri havirudi upesi hivyo. Ndiyo maana hatua ya kwanza haikatizwi kwa haraka ya kutaka kufika kwenye kimeng'enya. Pia isisahaulike kuiosha EGTA, la sivyo itakamata ile kalsiamu uliyoiweka kwa ajili ya kolajenasi.

Kolajenasi ileile ya jana ilifanya vizuri, chupa mpya imeshindwa. Kwa nini?

Kwa sababu si kitu kimoja. Kolajenasi ya kawaida hutoka kwa bakteria aitwaye Clostridium histolyticum, na ndani ya unga ule kuna vimeng'enya vingine vinavyokata protini. Uwiano wake hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Cha ajabu, kolajenasi iliyosafishwa mno hufanya kazi vibaya, maana vile "vichafu" navyo vinasaidia. Vikizidi, vinatafuna ngozi ya seli.

Maabara zenye uzoefu huagiza sampuli za matoleo matatu au manne, huzijaribu, kisha hununua akiba ya lile lililofaulu. Kwetu sisi ambao mzigo hukaa uwanja wa ndege ukisubiri karatasi, ongeza swali kwa wakala: ulikaa kwenye baridi muda wote?

Joto la Mombasa linaathiri chochote?

Linaathiri, ila kinyume cha watu wanavyodhani. Shida haiko wakati wa kimeng'enya, kwani hapo tunataka nyuzi 37. Shida ni baada yake: seli zikishatoka zinahitaji baridi, na chumba cha Machi kiyoyozi kikiwa kimechoka hupasha bafa ya kuoshea kabla hujafungua mfuniko. Weka kila kitu cha kuoshea ndani ya barafu tangu asubuhi.

Kosa la upande mwingine ni kupima joto kwenye beseni la maji. Bafa hupoa ikipita kwenye mirija, hasa chini ya kiyoyozi. Pima kwenye ncha ya kanula.

Stima ikikatika katikati ya kazi?

Pampu ikizima, inua chupa. Bafa iliyotundikwa juu ya meza hushuka kwa uzito wake, kama dripu ya hospitali, na unaweza kuongeza au kupunguza kasi kwa kuipandisha na kuishusha. Andaa ndoano ukutani kabla. Maji ya moto ya akiba kwenye chupa ya chai yatatosha kushikilia joto la beseni. Kinachoua ni kusimamisha mtiririko ukimpigia simu fundi, maana kimeng'enya kilichomo ndani ya ini hakisimami kukungoja.

Sehemu moja ya ini imebaki nyekundu. Niendelee?

Tundu jekundu ni tundu ambalo bafa haikulifikia: kuna donge la damu, kiputo cha hewa, au kanula imeingia ndani mno ikaziba tawi. Ivute kanula nyuma kidogo, ligeuze tundu kwa pamba yenye unyevu. Likikataa, endelea na mengine na uliache hilo nje ya hesabu. Kuongeza muda wa kolajenasi ili kulingoja tundu moja ni kuyaua yaliyokwisha kuwa tayari.

## Kusafisha, kuhesabu, kupima

Seli zinatolewaje kwenye ini lililolegea?

Lihamishie kwenye sahani yenye bafa baridi, pasua ngozi yake kwa kibano, kisha litikise taratibu. Seli zinamwagika zenyewe kama unga. Ukilazimika kukwangua, kimeng'enya hakikumaliza kazi. Chuja kwenye wavu wa mikroni 100 au 70. Pipeti iwe ya mdomo mpana, kwani hepatosaiti ina upana wa mikroni 20 hadi 30 na haivumilii kusukumwa kwenye tundu jembamba.

Kasi ya sentrifyuji, mashine inayozungusha seli ili zitue, ni ipi?

Ndogo: 50 g (mara 50 ya nguvu ya uvutano wa dunia), dakika mbili au tatu, nyuzi 4, rudia mara tatu. Hepatosaiti ni nzito na hutua upesi. Angalia pia kwamba umeweka g, si mizunguko kwa dakika. Mashine mbili zenye mizunguko sawa zinaweza kutoa nguvu tofauti kabisa.

"Maji ya juu" niyamwage?

Usiyamwage kama kuna mwenzako anayetafiti seli nyingine. Humo ndimo zilimo seli za Kupffer, za nyota na za kuta za mishipa. Hukusanywa kwa kasi kubwa zaidi, kisha hutenganishwa. Seli za nyota huelea kwenye tabaka jepesi la myeyusho mzito kwa sababu ya matone yake ya mafuta yenye vitamini A. Za Kupffer hunata haraka kwenye plastiki. Wenye bajeti hutumia shanga za sumaku zenye kingamwili zinazokamata seli za aina moja tu.

Nimepata asilimia 90 hai kwa tripani buluu. Nimefaulu?

Umefaulu mtihani wa kwanza. Tripani buluu hupenya seli iliyotoboka ikaigeuza bluu, na ile nzima hubaki angavu. Kwa panya, asilimia 85 na kuendelea ni kazi nzuri, na mavuno ya kawaida kwa ini moja ni seli milioni 100 hadi 300. Kwa seli za binadamu za kupandikizwa, vituo vingi huweka 60 kuwa kiwango cha chini.

Lakini rangi ile inakuambia tu kwamba ngozi ya seli ni nzima. Haisemi kama seli itashika mahali, wala kama itatengeneza albumini kesho. Kwa maoni yangu, ripoti yenye tripani buluu peke yake haijakamilika. Zipande seli kidogo kwenye sahani iliyopakwa kolajeni uone ni ngapi zimenata baada ya saa chache, pima urea na albumini, pima uwezo wa kuchakata dawa. Nimeona kundi la asilimia 75 likinata vizuri kuliko la 92.

Ikiwa asilimia ni ndogo, Percoll, myeyusho mzito wa kutenganishia seli, husaidia: seli zilizokufa hubaki juu na hai hutua. Inapandisha asilimia kwa kutupa wafu, na pamoja nao hupotea baadhi ya walio hai. Kwa hiyo andika hesabu ya kabla na ya baada.

## Kuhifadhi na kupandikiza

Zinakaa muda gani?

Kwenye barafu, zitumie siku hiyohiyo ikiwezekana. Kwenye sahani hunata lakini husahau kazi zao ndani ya siku chache. Kuzifunika kwa tabaka la pili la kolajeni huchelewesha hali hiyo. Kwa muda mrefu hugandishwa na DMSO (kemikali inayozikinga seli na barafu) ya asilimia 10, zikishushwa karibu nyuzi moja kwa dakika, kisha huwekwa kwenye naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Huyeyushwa kwa haraka kwenye maji ya nyuzi 37. Tarajia hasara, hasa kwenye uwezo wa kunata.

Seli ngapi zinahitajika kwa mgonjwa?

Lengo huwa asilimia 5 hadi 10 ya seli za ini. Kwa magonjwa ya kimeng'enya kimoja, kiasi hicho kinaweza kuleta nafuu. Haziingizwi zote kwa mkupuo, kwa sababu zinaziba vijishipa na kupandisha shinikizo kwenye mshipa wa porta. Tena nyingi hufa au humezwa na kinga ya mwili ndani ya siku za mwanzo, na hilo ndilo linalowaumiza watafiti vichwa kuliko kutenga kwenyewe.

Kwa nini majaribio yanatumia panya wa aina fulani tu?

Kwa sababu unahitaji kuona kama seli zilizoingia zinafanya kitu. Panya wa Gunn hawezi kuondoa bilirubini, kwa hiyo ukimpa seli nzuri, umanjano unapungua mbele ya macho yako. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1976. Kuna pia panya wadogo wasio na kimeng'enya cha FAH, ambao huishi kwa dawa iitwayo nitisinoni. Dawa ikiondolewa, seli zao wenyewe hufa na zile za mgeni hupata nafasi ya kuongezeka mpaka kulijaza ini. Ndani ya ini lenye afya seli za mgeni hazipati nafasi hiyo, na ndiyo maana matokeo ya panya hawa hayahamishiki moja kwa moja kwa binadamu.

## Mambo ya pembeni

Nahitaji vibali gani Kenya?

Kibali cha kamati ya maadili iliyotambuliwa, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na kwa wanyama, idhini ya kamati inayosimamia matumizi ya wanyama pamoja na kuzingatia sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Tishu za binadamu zinaguswa pia na Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi, hilo ni ombi jingine lenye makubaliano yake. Lianze miezi mingi kabla.

Kipande cha ini kimetoka kwa mgonjwa ambaye hajapimwa. Nikishike?

Kichukulie kuwa kina virusi vya homa ya ini mpaka majibu yaseme vingine. Usianze kutenga kabla ya majibu: sentrifyuji na pipeti hurusha matone madogo usiyoyaona. Na kama hujamaliza chanjo ya homa ya ini B, nenda kachanje kwanza.

Seli zimetoka nzuri, lakini siku ya pili sahani imekuwa na ukungu. Tatizo ni kolajenasi?

La, ni usafi. Ini la machinjioni huja na bakteria zake hata ukiliosha namna gani, na unyevu wa pwani hustawisha kuvu kwenye vichujio vya kiyoyozi na ndani ya inkubeta. Badilisha maji ya trei ya inkubeta kila wiki kwa maji yaliyotakaswa, na kabati la hewa safi lisiwe mkabala na mlango. Kwa seli za kupandikiza, hata bila ukungu kuonekana, pima endotoksini (sumu itokayo kwenye bakteria) na maikoplazima (bakteria wadogo sana). Maikoplazima haichafui maji wala haionekani kwa hadubini ya kawaida.